Orodha ya vituo vya kulelea watoto ibandikwe kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wenzangu wenye watoto wachanga hapa Mwanza, na viongozi wetu wa Jiji na wa Manispaa ya Ilemela nao wasikie.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, kazi yangu iko kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mke wangu ameajiriwa kuuza kwenye duka la dawa. Mwaka huu tumepata binti, mtoto wetu wa kwanza. Mama yake aliingia likizo Ijumaa, Jumatatu usiku akajifungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijifungua pacha. Tulizihesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani, mke wangu akazungushia duara siku ya kurudi kazini. Mara ya kwanza lile duara lilikuwa mbali, kurasa tatu mbele. Ilipofika wiki ya nane lilikuwa kwenye ukurasa unaofuata, na bado hatukujua mtoto atabaki na nani.

Kila niliyemuuliza alisema, "Mleteni bibi." Bibi wa upande wa mama yuko Magu, anamuuguza babu aliyepooza. Mama yangu mzazi yuko Ukerewe, akasema tumpelekee mjukuu Nansio amlee yeye. Nilimshukuru sana, lakini mtoto wa miezi mitatu angenyonya nini huko? Kliniki walishatuambia miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama tu, hata maji ya kunywa hapana.

Nikawasha pikipiki nikaanza kutafuta mwenyewe.

Dalali mmoja alituletea dada wa kazi. Alikuwa ametoka kijijini siku mbili kabla, mfuko wake wa nguo ni wa plastiki, ameukumbatia. Nilipomuuliza umri alimtazama dalali kwanza, ndipo akasema kumi na minane. Mke wangu alimpa chakula, akazungumza naye jikoni taratibu, akarudi akaniambia, "Baba, huyu ni mtoto. Hata hedhi hajaanza." Tulimpa nauli na namba yetu, tukampigia mama yake. Mpaka leo namkumbuka yule binti alivyombeba mwanetu kwa ustadi, inaonyesha nyumbani kwao alishabeba wadogo zake wote. Wapo watakaosema tulipoteza bahati. Mimi sikuweza.

Nyumba ya kwanza ya kulelea watoto niliyokwenda ilikuwa huku kwenye majabali, njia ni ya miguu tu. Mlangoni nilihesabu ndala za watoto jozi 17. Ndani walikuwa mama mmoja na msaidizi mmoja. Ilikuwa saa nne asubuhi na watoto wote walikuwa wamelala, wakubwa kwa wadogo, wamepangwa kwenye mkeka, kimya kabisa. Kazi yangu inafanywa kwa masikio: mashine ikivutwa kamba, naisikiliza kabla sijashika spana. Ukimya wa nyumba ile ulinitisha kuliko ambavyo kelele zingenitisha. Nilipomsimulia mke wangu, aliuliza kitu kimoja tu: "Uliona chupa ya dawa ya mafua?" Nilikuwa nimeiona, dirishani. Akaniambia dukani kwao wanakuja watu kununua dawa hiyo ya maji kwa ajili ya kulaza watoto, na yeye huwa anakataa kuwauzia akishawahoji. Sikushuhudia mtu akimnywesha mtoto pale, kwa hiyo simsingizii mama yule. Lakini mzazi ukikuta watoto wa umri tofauti wamelala wote saa nne asubuhi, usiondoke bila kuuliza wamekula nini na wamekunywa nini.

Pa pili palikuwa kituo kizuri. Geti linafungwa, choo kifupi cha watoto, na cheti cha usajili kimetundikwa ukutani. Nilifurahi kwa dakika kumi, mpaka mwalimu aliponiambia wanapokea kuanzia miaka miwili. Pa tatu, hivyo hivyo. Serikali yetu ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na programu hiyo inamtazama mtoto tangu akiwa tumboni hadi miaka 8. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kati ya siku ya 84 na miaka miwili kuna shimo, na mimi na pikipiki yangu tulikuwa ndani yake.

Yule mwalimu wa kituo cha pili alinifanyia wema mkubwa, pengine bila kujua. Alinieleza kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na kwamba afisa ustawi wa jamii anavijua. Nilikwenda. Nilipokelewa vizuri, nikafunguliwa jalada, nikanakili majina kwa kalamu kwenye daftari langu la vipuri. Nilitoka pale nikiwa na furaha na uchungu kwa pamoja. Wiki mbili nilikuwa nazunguka milima ya mji huu nikiuliza wauza chipsi, kumbe majina yaliandikwa.

Lakini jina la mlezi wetu halimo kwenye orodha ile, nalo ni jambo linalonisumbua zaidi. Ni mjane, anakaa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Nilielekezwa na muuza maziwa. Nilisimama nje ya ua wake kwanza nikasikiliza. Mtoto mmoja alikuwa analia, na mtu anamjibu. Alikuwa anamwongelesha kwa Kisukuma, polepole, mpaka kilio kikageuka kuwa kwikwi. Nilipobisha hodi hakunikaribisha ndani mara moja. Aliniuliza maswali mimi: mtoto ana miezi mingapi, kadi ya kliniki iko wapi, chanjo ya mwisho lini, nani mwingine ataruhusiwa kumchukua jioni zaidi ya baba na mama. Ana watoto wanne, akasema wa tano ni wetu na wa sita hatapokea hata kwa pesa. Jiko la mkaa liko kwenye kibanda cha nje, halilali chumbani. Ndoo za maji zina vifuniko. Watoto wanalala chali, chini ya chandarua, hata mchana. Maziwa anayokamua mama anawanywesha kwa kikombe kidogo, kwa sababu chuchu ya chupa ni ngumu kuitakasa vizuri. Malipo ni shilingi 3,000 kwa siku, na siku mtoto akiwa na homa anapiga simu, hangoji jioni.

Nilimuuliza kwa nini hajaenda kusajili. Alinyamaza kidogo akasema, "Baba, wakija wataona ua wangu mdogo, watanifungia. Nitakula nini?"

Sina jibu la kumpa. Najua vigezo vimewekwa kulinda watoto, na baada ya kuiona ile nyumba ya ndala 17 naviheshimu kuliko mwanzo. Naomba tu maafisa wetu wa ustawi wanapopita mitaani waanze kwa kuwaelekeza kina mama kama huyu, wamwambie hapa pungufu ni kizimamoto, hapa ni choo, tunakupa miezi kadhaa urekebishe. Akiogopa ofisi ataendelea kulea kwa kificho, na wazazi watampata kwa bahati kama nilivyompata mimi.

Na sijawasema kina mama wa Mwaloni. Hawa hawana hata hizo siku 84. Nawaona kila siku wakianika dagaa, mtoto yuko mgongoni juani, au amelazwa ndani ya beseni chini ya meza, pembeni ya njia ya mikokoteni. Mmoja alirudi kazini mtoto akiwa na siku 12. Soko lenye ofisi ya ushuru haliwezi kukosa chumba kimoja chenye kivuli, maji na mlezi. Wachuuzi wengi niliozungumza nao walisema wako tayari kuchangia kila siku.

Sasa ombi langu, nalo halihitaji bajeti. Kadi ya kliniki inamtaka mtoto aletwe wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa chanjo. Siku 84 ni wiki 12. Kina mama wengi walioajiriwa wanakaa kwenye benchi la kliniki angalau mara mbili wakiwa bado likizoni, wakitazama ukuta. Orodha ya vituo vilivyosajiliwa, ikionyesha kata, umri wa mtoto wanaompokea na namba ya simu ya afisa ustawi, ibandikwe kwenye ukuta ule. Ya Jiji na ya Ilemela zikae pamoja, maana wengi wetu tunalala halmashauri moja na kufanya kazi nyingine.

Mke wangu amesharudi kazini. Sheria inamruhusu muda usiozidi saa mbili kila siku kwa ajili ya kunyonyesha, na mwajiri wake amemkubalia, kwa hiyo saa sita mchana nampitia na pikipiki, tunakwenda kwa mjane, mtoto ananyonya, tunamrudisha dukani. Jana tulipofika alikuwa ameketishwa mapajani mwa yule mama, anacheka na paka.

Karatasi na gundi za kliniki ya kata yetu nitanunua mimi. Nangoja kuambiwa siku.

Fundi wa mashine za boti,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza.