YAH: MIPIRA YA MAFUTA MLIYOSEMA MMEIBADILISHA

Dodoma, 14 Julai 2025

Kwa Meneja wa Karakana,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi tarehe 5 Julai niliruka asubuhi kutoka Dodoma kwenda Kongwa na ndege yangu ya viti viwili, mliyoifanyia matengenezo Machi. Nilikuwa na shemeji yangu. Tukiwa upande wa Hombolo injini ikaanza kutetemeka hadi miwani ikanishuka puani. Mizunguko ya injini kwa dakika ikaporomoka kutoka 5,000 hadi 3,400. Altimita, kipimo cha kimo juu ya bahari, ilisoma futi 5,500, ila ardhi ya huku yenyewe iko karibu futi 3,500 juu ya bahari, hivyo nilibakiwa na futi 2,000 tu za kutafutia pa kushukia.

Nikachagua shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, nikaukabili upepo wa mashariki, nikatua. Mguu wa mbele uligonga tuta ukapinda, propela ikachimba udongo ikavunjika. Sote wazima. Shemeji hanisemeshi hadi leo, lakini hilo siwadai.

Fundi mwingine amefungua injini mbele yangu. Ina kabureta mbili, kila moja inalisha silinda mbili kati ya nne. Ndani ya ile ya kushoto mlikuwa na kipande cheusi cha mpira, chembamba kama ganda la kitunguu, kimeziba jeti, yaani kitundu kinachopitisha mafuta. Kimebanduka ndani ya mpira wa mafuta, na ubavuni mwa mpira huo pamechapwa mwaka: 2016. Mtengenezaji wa injini anataka mipira hiyo ibadilishwe kila baada ya miaka 5. Kwenye kitabu cha injini fundi wenu ameandika kwa mkono wake, "mipira yote ya mafuta imebadilishwa", akasaini. Nami nililipa Sh. 940,000 kwa kazi hiyo. Ankara nimeiambatanisha pamoja na picha.

Kwenye simu mliniambia chanzo ni petroli ya sheli. Injini hii inaruhusiwa kutumia petroli ya magari ya oktani 95. Hata hivyo tulikinga mafuta ya tangi kwenye chupa ya kioo: hakuna maji, hakuna takataka. Chujio lilikuwa safi. Kipande kilikutwa baada ya chujio, sasa hiyo petroli ilikipitishaje?

Nataka mnirudishie fedha zangu na mlipie propela na mguu wa mbele ndani ya siku 14. Taarifa ya tukio nimeshaipeleka Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kuna jingine, na hili halisubiri siku 14. Fundi huyohuyo amesaini vitabu vya ndege nyingine. Wapigieni wenye ndege leo, wasiruke kabla hawajasoma mwaka uliochapwa kwenye mipira yao.

Wenu,
Mmiliki na rubani wa ndege husika