Barua kwa vijana wetu wa Iowa mnaotaka kuhamia vyuo vidogo

Wanangu, na wajukuu pia maana siku hizi kuna wanaoniita babu,

Nawaandikia nyinyi mnaosoma komyuniti koleji, vile vyuo vya miaka miwili, Kirkwood hapa Cedar Rapids na DMACC kule Des Moines, mnaokaribia kumaliza na sasa kila Jumapili nje ya kanisa stori ni transfa tu, yaani kuhamia chuo cha miaka minne. Wengi mnataka University of Iowa au Iowa State, sawa, njia hiyo kaka zenu wameshaipita na makubaliano ya kuhamisha krediti, zile pointi za masomo uliyofaulu, yapo. Ila kuna kikundi kinaniuliza kuhusu vyuo vidogo vya binafsi, Cornell College pale Mount Vernon, Coe hapa hapa mjini, Grinnell, na hao ndio nataka kuongea nao leo, wengine sikilizeni tu hamna hasara.

Swali mnaloniletea ni moja, babu watanikubali? Mimi naona hilo lisubiri. La kwanza ni hili, uko tayari kuacha shifti ya usiku? Na nyumbani wanajua?

Maana nyinyi nawajua. Unatoka kiwanda cha nyama alfajiri, au umekesha kwenye nyumba ya wazee unageuza watu vitandani, unaoga, unaingia darasani unakaa nyuma, mwalimu anaongea, mtihani unafaulu kwa sababu kichwa unacho na YouTube ipo. Komyuniti koleji inamjua mtu wa namna hiyo, darasa la jioni lipo, la mtandaoni lipo, hakuna anayekuuliza jana ulikuwa wapi. Chuo kidogo kingine kabisa. Mnakaa kumi na tano mmezunguka meza, profesa anakuita kwa jina, anataka useme umeonaje zile kurasa za jana, na kuongea kwako kuna maksi. Huwezi kujificha nyuma maana nyuma hakuna.

Cornell ndio usiseme, wao tangu 1978 wanasoma somo moja tu kwa wakati, siku 18 za darasa limeisha, mnaanza lingine. Kuna watu hiyo inawafaa sana, hubabaishwi na masomo manne kwa mpigo, lakini piga hesabu mwenyewe, ukikosa siku moja ni kama umekosa karibu wiki nzima kwenye chuo cha kawaida, sasa wewe mwenye dabo shifti kila Jumatano utafanyaje? Mshika mbili moja humponyoka, hii mnaijua tangu mkiwa kambini Nyarugusu, Tanzania. (Na wale mama zangu wanaotangaza kwenye grupu la WhatsApp kwamba mtoto anaenda Cornell ya New York, jamani ni vyuo viwili tofauti, hiki cha Iowa ndio mkubwa kwa umri, kilianza 1853 na kile 1865.)

Halafu vingi vinataka ulale bweni na ule chakula chao. Kazi ya pale chuoni ni masaa machache kwa wiki, haifiki hata robo ya cheki ya kiwanda. Kwa hiyo pesa ya kutuma kwa ndugu Uvira, Kongo, inapungua, pesa ya kumsaidia mama na rent inapungua, na hapo ndipo watu wanakwama kuliko kwenye esei ya maombi. Kaa na wazazi kabla hujaaplai, sio baada ya kukubaliwa, waambie wazi kwamba kwa miaka miwili nitatuma kidogo au sitatuma kabisa. Wakikasirika niiteni nije, nitakunywa chai yao na nitaongea. Na kama kweli nyumba inasimama kwa cheki yako, wadogo zako wanakula kwa hiyo, basi nenda chuo cha jimbo kama Iowa au Iowa State, au ulize Coe kama wanakuruhusu kulala kwenu, hakuna aibu hapo, na mtu akikucheka mtume kwangu.

Sasa mbona nisiwaambie tu muachane navyo? Kwa sababu vina kitu. Wangari Maathai mnamjua wote, alikuja Marekani 1960 na zile ndege za akina Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, zilizoleta wanafunzi kusoma huku, hakupelekwa Harvard, alienda Atchison, Kansas, mji mdogo, kwenye chuo cha masista Wabenediktini kikiitwa Mount St. Scholastica, akasoma baiolojia akamaliza 1964, ndio akaenda Pittsburgh kuchukua masters, na 2004 akapewa Nobel ya Amani. Kwenye chuo cha namna hiyo vifaa vya maabara unavishika wewe, maana hakuna foleni ya wanafunzi wa PhD mbele yako. Na profesa akija kukuandikia barua ya mapendekezo anaandika mtu anayemjua, sio namba. Wewe unayewaza udaktari au masters, hiyo barua ina uzito kuliko jina la chuo. Ila anayetaka unesi aangalie kwanza, Grinnell kwa mfano unesi hawana.

Bei isikutishe kabla hujauliza. Grinnell ada peke yake imevuka dola 60,000 kwa mwaka, unaisoma unafunga laptop, lakini hiyo ni bei ya ukutani, yaani kabla ya msaada wowote. Tangu 2011 sheria inavitaka vyuo viweke kikokotoo kwenye tovuti zao, unaingiza kipato cha nyumbani kinakupa makisio, japo kimetengenezwa kwa wanaotoka high school, wa transfa ukichukue kama fununu tu. Jaza FAFSA mapema, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha za chuo, wenye green card na wakimbizi mnaruhusiwa. Hapo kuna Pell Grant, msaada wa serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, juu kabisa ni dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025-26, na hairudishwi. Ina kikomo pia, ni sawa na semesta 12 za kusoma fultaimu maisha yako yote, kwa hiyo wewe unayebadilisha kozi kila msimu unaimaliza bila kujua. Kuna na Iowa Tuition Grant ya wakazi wa hapa wanaosoma vyuo binafsi vya ndani ya jimbo, wengi hamuijui kabisa. Grinnell walitangaza kuondoa mikopo kwenye msaada wao kuanzia 2021, uliza kwa imeili kama na wa transfa wamo, na jibu ulihifadhi. Mliokuja na viza ya F-1, ya mwanafunzi wa kigeni, hamna FAFSA, nyie msaada wenu ni wa chuo chenyewe, muulize kabla ya kulipa hela ya maombi.

Krediti sasa. Omba kila chuo kikupe kwa maandishi zinaingia ngapi, na zinaingia kwenye meja, yaani fani yako kuu, au zinahesabiwa tu kama nyongeza, hayo ni mambo mawili. D haihamii kwa kawaida. Kozi za ufundi, welding, magari, hata ile ya CNA, wasaidizi wa manesi, vyuo hivi mara nyingi havizitaki, na vingi vinataka angalau nusu ya digrii uifanyie kwao. Silabasi za kila somo zitunze, usifute. Lugha, omba kupimwa Kiswahili au Kifaransa chako, kuna vyuo vinakusamehe sharti la lugha kwa hilo. Na maprofesa wa kukuandikia barua anza kuwazoea sasa hivi, nenda ofisini kwao na swali, acha kukimbilia parking darasa likiisha, maana Februari ukienda na fomu wakati hata sura yako hawaijui watakuandikia mistari mitatu.

Mawili madogo halafu niwaache. Bima ya afya, chuo kinaweza kukuchaji maelfu wakati tayari una yako, kuna fomu ya kukataa na ina tarehe ya mwisho. Na likizo ya Desemba mabweni mengi yanafungwa, uliza utalala wapi kabla ya kusaini. Barua za majibu zikifika msizijibu peke yenu, zile za msaada wa fedha wanachanganya mkopo na pesa ya bure kwenye jumla moja, nileteeni Jumapili baada ya ibada, nitakuwepo jikoni kwenye chai, na mje na kalkuleta.