Kwa kaka yangu wa Muscat, niliyemtoa kwenye grupu

Kaka, Assalaam alaykum.

Namba yangu umeiblok, na kila nikimwomba Mama mdogo akuulizie hali anarudi na jibu moja: yuko kazini. Basi nakuandikia hapa, maana najua huwa unapita kusoma hata kama huandiki neno. Joto la huko limeshaanza? Vaa kofia. Kichwa chako na jua havijapatana tangu utotoni.

Nasikia inasemwa nimekutoa kwenye grupu la ukoo kwa majivuno, eti usomi umenipanda kichwani. Nilikutoa, ndiyo. Wewe mkubwa wangu, uliyelelewa nyumbani kwetu Ngamiani, tukala sinia moja, nikalibonyeza jina lako nikakutoa. Sababu unaijua, ila ukiwasimulia watu unaanzia katikati.

Mimi nilikuwa kwenye basi. Tulipopita Wami mtandao ukakata, nikasinzia. Karibu na Mkata simu ikaanza kutetemeka mapajani, haikomi. Kwenye kioo nikauona ujumbe wa mwisho: "Poleni sana wafiwa." Wafiwa gani? Nikafungua grupu, nikawa napandisha juu kumtafuta marehemu ni nani. Pole. Pole. Ua la waridi lenye maandishi ya "Jioni njema", lile shangazi yetu analotuma kila siku bila kusoma kilicho juu yake. Tangazo la mtu anauza vifaranga. Pole nyingine, hii imenitaja kwa jina. Juu kabisa picha ya Mama, ile ya Idi yenye kitenge cha zambarau, na maneno yako: "Mama mkubwa ametutoka jioni hii. Tuombeane."

Mama mmoja niliyekaa naye siti moja aliniuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Sikuweza kumjibu mpaka Segera.

Mdogo wetu naye aliisoma kwenye kituo cha mafuta Mikumi, lori linanguruma. Ingetangulia kidogo ingemkuta kwenye kona kali za mlima Kitonga. Hilo hulisemi ukisimulia.

Ulijitetea kwamba ulitaka watu waanze kumwombea dua. Ukaongeza kwamba zamani vifo vilitangazwa RTD, redio ya taifa, nchi nzima ikasikia, na hakuna aliyelalamika. Kaka, lile tangazo la redioni lilipelekwa na wenye msiba, baada ya kukaa na kukubaliana nani atajwe na maziko saa ngapi. "Habari ziwafikie fulani wa Korogwe, fulani wa Mombasa." Lilikuwa na mwenyewe. Wewe ulipigiwa simu na kijana wa jirani aliyekuwa wodini, na Baba mdogo, aliyekuwa ameushika mkono wa Mama, alikuwa hajatoka hata nje kufuta machozi. Alishapanga. Mimi ningepokelewa stendi ya Kange na shangazi wawili, niambiwe nikiwa nimeshikwa. Mdogo wetu angeambiwa "rudi, hali ya Mama si nzuri", kama tulivyoambiwa sisi alipofariki Babu. Wewe unauita huo uongo. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na aliyetulea nayo ni huyo huyo uliyekuwa unakimbilia kumtangaza.

Baba mdogo alipokupigia ukaufuta. WhatsApp inakupa siku mbili na kidogo za kufuta ulichoandika, lakini aliyesoma kasoma. Ikabaki alama kwamba ujumbe umefutwa, na chini yake pole tele zisizo na marehemu. Watu wapya wakaingia kuuliza, "Kwani nani tena?" Nikawa nawajibu mimi. Mfiwa.

Hapo sikukutoa. Nataka watu walijue hilo.

Nilikuvumilia hadi kwenye michango. Unakumbuka ile orodha: mtu anaikopi, anaongeza jina lake na kiasi, anairudisha. Wawili wakikopi kwa wakati mmoja, mmoja anapotea. Jina la mjomba wa Pangani likapotea hivyo, mzee akaamini kafutwa makusudi kwa sababu ya lile shamba. Nilikesha naye kwenye simu. Badala ya kunisaidia, wewe ukatupia: "Wengine wanasoma tu, tiki za buluu tunaziona." Ukabonyeza ujumbe wako, ukatazama nani kausoma, ukayaweka majina hadharani. Wa kwanza kwenye orodha yako alikuwa dada yetu wa Makorora. Wewe unajua, na mimi najua, hela yake ya mwezi ule ilikwenda wapi. Na ndiye aliyemwogesha Mama siku zote za ugonjwa. Mchango gani tena ulikuwa unamdai?

Kinachonichanganya ni kwamba wali wote wa khitma ulilipa wewe, na ulikataa jina lako liandikwe. Baba mdogo aliniambia kwa siri. Mtu anayejua kuficha wema wake anashindwaje kuficha unyonge wa dada yake?

Baadaye ukaja na mambo ya kufowadi. Ujumbe wenye mishale miwili ni kwamba umeshapita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 wenyewe WhatsApp wanauzuia usipelekwe zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Wewe uliupeleka grupu moja moja kwa subira ya mvuvi. Ile linki ya uongo ya wazee kujiandikisha wapewe pesa, Mama mdogo aliifungua. Nilikuonya faragha, si mbele za watu. Nikakwambia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imeweka faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 kwa anayesambaza taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha watu. Ukanijibu grupuni, kwa voisi ya dakika tisa, kwamba mtoto wa kike anakutisha kwa sheria. Ndipo nilipokutoa.

Ungeweza kujitoa mwenyewe. Tangu 2022 mtu akijitoa wanaarifiwa maadmini tu, wengine hawapewi taarifa. Ulingoja utolewe ili ukoo mzima uone. Na wanaosema ningelifunga grupu waandike maadmini peke yao, nawauliza: yule bibi wa Muheza, ambaye siku ya tatu ya msiba aliandika dua ndefu kwa herufi kubwa tupu, hakuna neno lililokaa sawa, angeiandikia wapi? Ile dua ninayo mpaka leo. Yako sina, maana uliifuta.

Najua ulikuwa peke yako usiku ule. Huko hakuna jirani wa kukukalia, na zamu hazisubiri mtu alie. Labda ulitaka tu sauti za watu. Ungenipigia mimi, Kaka. Au kama sikupatikana, ungempigia Baba mdogo mkalia wote.

Sasa kuna harusi ya mtoto wa dada wa Makorora, baada ya Ramadhani. Grupu la kamati linafunguliwa wiki ijayo na admini ni Baba mdogo, mimi nimekataa. Kasema utaingizwa, ila orodha ya ahadi ataishika yeye kwenye daftari na hakuna wa kuikopi. Bibi harusi kakutaja wewe kuwa ndiye utakayesimama upande wa wajomba, kwa hiyo omba likizo mapema. Na ufunguo wa kabati la Mama, kama ulikwenda nao, mpe yeyote anayekuja. Mashuka ya sherehe yamo humo.