Usimwachishe Idi dawa Jumatatu

Shoga yangu Zuhura,

Barua yako nimeipata jana jioni. Alhamdulillahi, miezi saba Idi hajaanguka kifafa! Ila pale uliposema mama mkwe anataka dawa zikome Jumatatu kwa kuwa mtoto ameshapona, usingizi ukaniruka.

Kaka yangu Hamisi naye alitulia hivyohivyo, tukamwachisha fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, mara moja. Siku ya tano alikuwa anakoroga uji. Nikasikia mwiko unagonga ukingo wa sufuria, ko-ko-ko, mbiombio. Kugeuka, yuko chini, na kifafa kikafuatana na kifafa. Kovu la mkononi mwake unalijua.

Nilikuja kuelewa nilipoanza kufundisha baiolojia. Kila seli ya ubongo ina kiwango chake cha kazi, na ikitolewa hapo hujirekebisha. Mwaka 1998 Gina Turrigiano na wenzake, Chuo Kikuu cha Brandeis kule Marekani, walizinyamazisha seli za ubongo wa panya siku mbili kwa sumu ya bunju, huyuhuyu samaki tunayeonywa tusimle. Unajua zilifanyaje? Zilitega masikio: miungano baina yao ikazidi nguvu. Nyingine wakaziondolea breki, yaani ishara zinazozituliza. Zikachachamaa, lakini baada ya siku mbili zilikuwa zimejituliza zenyewe, karibu na pale zilipoanzia. Kila nikilifundisha hili darasani mwili hunisisimka.

Sasa mtazame Idi. Dawa inaitia nguvu breki ya ubongo wake, na ubongo umeshaizoea. Ukiikata ghafla, breki inalegea huku seli bado zimetega masikio. Ubongo huchukua siku nyingi kujirekebisha, kifafa huwaka kwa sekunde. Hauwahi.

Sisemi ameze vidonge maisha yake yote. Mara nyingi madaktari husubiri kama miaka miwili bila kuanguka, ndipo wanapunguza dozi kidogo kidogo, kwa miezi. Na mama usimjibu kwa ukali, shoga. Anamwonea uchungu mjukuu wake. Nenda naye kliniki, amuulize daktari kwa kinywa chake.

Kama tatizo ni nauli, nipigie hata usiku wa manane. Nitatuma. Jumatatu asubuhi Idi anywe chai yake, ameze na kidonge chake.

Nibusie Idi.

Wako,
Mwanaisha