Dada, kabla hujampandisha Mama meli tena

Dada,

Assalaam alaykum. Nimeliona tangazo lako: Julai, siku saba kutoka Miami, Cozumel, Grand Cayman na Jamaica, na Mama yumo. Nimefurahi, wallahi. Mtu aliyetulea sote kwa mbaazi na mahamri anastahili wiki moja ya kupikiwa. Lakini safari iliyopita bado iko baina yetu, na kwenye simu kila tukiianza tunaishia kukatiana. Kwa hiyo naandika hapa, nikijua watasoma na wengine wanaotaka kuwapeleka wazee na watoto melini kwa mara ya kwanza. Meli ndiyo kazi yangu, na haya ninayoyasema nayaona kila wiki.

Anza na pasipoti ya Mama. Wewe na shemeji mna uraia, watoto wamezaliwa huko, na safari inayoanza na kuishia bandari ileile ya Marekani inawaruhusu nyinyi kupanda kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Mama haimhusu hiyo. Meli ikishagusa nchi nyingine, yeye ametoka Marekani, na siku ya kurudi anaingia upya kama mgeni yeyote. Fungua viza yake uangalie palipoandikwa idadi ya kuingia. Ikiwa ni herufi M, anaingia mara nyingi. Ikiwa ni tarakimu 1, hiyo moja ameshaimaliza uwanja wa ndege. Kisha uliza masharti ya kila nchi mtakayoshuka kwa mwenye pasipoti ya Kenya, nchi moja moja, na jibu ulipate kwa maandishi. Nanyi pia bebeni pasipoti. Mtu akiachwa na meli Cozumel, cheti cha kuzaliwa hakimpandishi ndege ya kurudi.

Halafu chumba. Mara ile ulichukua tiketi ya bei ya chini, ile ambayo kampuni ndiyo inayokupangia chumba, na Mama akapangiwa cha ndani, omo kabisa, mbele ya meli, pamoja na kitinda mimba wako. Nilikuambia kabla. Meli ndefu kwenye mawimbi ni kama ubao wa bembea: katikati panatulia, ncha ndizo zinazopanda na kushuka. Yale mapezi yaliyo ubavuni chini ya maji yanapunguza mrama wa ubavu kwa ubavu, lakini kuinuka kwa omo hayakuzuii. Safari hii lipa tofauti, uchague namba ya chumba mwenyewe: katikati baina ya tezi, yaani nyuma ya meli, na omo, sitaha za chini, chenye dirisha. Tazama na ramani ya sitaha iliyo juu yake. Kukiwa na vyumba, atalala. Kukiwa na bwawa au ukumbi wa kulia, viti vitaburutwa kichwani pake tangu alfajiri. Kiwe jirani na lifti kwa ajili ya magoti yake, bila kutazamana nayo. Na dirisha usilihesabu kuwa ni anasa. Anayechafukwa na bahari dawa yake ya kwanza ni kuuona upeo, na chumba cha ndani taa ikizimwa ni giza totoro, adhuhuri na usiku wa manane havina tofauti.

Dawa za kichefuchefu zinataka kumezwa kabla bahari haijachafuka. Ukisubiri atapike, kidonge nacho kitatoka. Ila usimpe Mama dawa ya mtu mwingine. Ana presha ya macho. Ile plasta ya skopolamini inayobandikwa nyuma ya sikio imekatazwa kwa aina fulani ya maradhi hayo, na kwa wazee inaweza kuleta kuchanganyikiwa. Hata meklizini, kidonge cha kichefuchefu kinachouzwa bila cheti cha daktari, muulize daktari wake wa macho kwanza. Tangawizi, biskuti kavu na tufaha la kijani havina ubaya, na melini ukiomba unaletewa. Dawa zake za kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu masanduku mnayowapa wapagazi gatini yanaweza kufika mlangoni magharibi, na vyumba vyenyewe mara nyingi havifunguliwi mpaka saa saba unusu mchana. Mkoba huohuo utie nepi, nguo za kuogelea za watoto na karatasi zote. Mtu wetu mmoja akitia pasipoti ndani ya sanduku kubwa, foleni nzima inasimama.

Sasa nije kwenye lile.

Siku ya Cozumel nyinyi mlishuka ufukweni na wale wakubwa. Mama alibaki chumbani na mtoto. Saa nne na kitu king'ora kikalia: milio saba mifupi, na mmoja mrefu. Kisha sauti ya Kiingereza. Lilikuwa zoezi la mabaharia. Kanuni za kimataifa zinaitaka meli ya abiria ifanye mazoezi ya moto na ya kuihama meli kila wiki, na hufanywa bandarini kwa kuwa abiria wengi wameshuka. Abiria aliyebaki hatakiwi kufanya lolote. Hilo Mama hakuambiwa na mtu. Alivua viatu akavishika mkononi, akalitoa jaketi la kujiokolea kabatini, akamvisha mtoto. La mtu mzima, likamfika vifundoni. Akatoka akasimama ujiani mpaka mhudumu wa vyumba akamkuta. Na wewe uliporudi ukamwomba asimame tena vilevile umpige picha, ukaitia kwenye grupu la familia na vikatuni vya kucheka.

Viatu mkononi, Dada. Wewe unavijua vile viatu. Tangu kivuko cha Mtongwe kilipopinduka Mombasa, Aprili 1994, Mama hajapanda kivuko na viatu miguuni. Walikufa watu zaidi ya 270, karibu na gati, nchi kavu wakiiona. Gari likiingia kivuko cha Likoni yeye hushuka, husimama penye lango, viatu mkononi, mpaka ng'ambo. Tumekua tukiliona hilo, hatukuwahi kumcheka, na Baba alikuwa akishuka kusimama naye.

Utasema mbona mimi sikumweleza, na ndiye ninayejua. Nilikutumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, siku tano kabla ya safari. Alama za buluu zilikuja. Zoezi la abiria nililitaja, king'ora nilikitaja, chumba cha omo nilikitaja. Nusu ya nauli ya Mama niliitoa mimi, na sikuitoa ili akalee mtoto. Ndiyo, nilitoka kwenye grupu bila kuaga, na ndiyo, siku ya Idi sikupiga. Nisingeweza kupiga na ile picha iko pale na watu wanaendelea kuiwekea vicheko. Haya, niendelee.

Kuhusu zoezi la abiria. Baada ya ajali ya meli ya Costa Concordia huko Italia, Januari 2012, kanuni zilibadilishwa: abiria wapya wanapewa mafunzo ya dharura kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapong'oa. Meli nyingi siku hizi zinakuonyesha video kwenye simu au runinga ya chumbani, kisha unakwenda mwenyewe kwenye kituo chako cha kukusanyika, kadi yako inapitishwa kwenye mashine, basi. Watu wanalikimbia hilo kama ushuru. Usifanye hivyo na Mama. Tembea naye kwa ngazi, si kwa lifti, kwa sababu siku ya dharura lifti hazitumiki. Mwonyeshe herufi ya kituo, ileile iliyochapwa kwenye kadi yake. Mwambie kwa Kiswahili: milio saba mifupi na mmoja mrefu ndiyo ishara, ukiisikia mimi nitakuja au utanikuta hapa; na kukiwa na zoezi la mabaharia nitakuambia tangu usiku, wewe kaa na chai yako. Mwombe mhudumu wa chumba jaketi la saizi ya mtoto siku hiyohiyo ya kwanza. Zipo, ila chumbani haziwekwi mpaka ziombwe. Kwenye meli nyingine majaketi hayapo chumbani kabisa, yako kituoni. Uliza mapema, Mama asije akalitafuta kabatini asilione.

Watoto. Vilabu vya watoto kwa kawaida vinaanza miaka 3, na mtoto awe ameacha nepi. Chini ya hapo kuna meli zenye chumba cha vichanga cha kulipia kwa saa, nafasi zake ni chache na zinaisha mchana wa kwanza, kwa hiyo nenda ukajiandikishe kabla hata ya kwenda kula. Mwenye nepi haruhusiwi kwenye mabwawa, hata nepi za kuogelea. Ni masharti ya afya, wala usigombane na yule kijana wa bwawani. Nenda naye sehemu ya maji ya kuchezea kama meli inayo. Usipopanga haya, atakayelea ni Mama, na hatalalamika. Sema tangu sasa jioni zipi ni zake za kumshika mjukuu na jioni zipi ni zenu, na siku za bandarini ashuke walau mara mbili.

Ila Grand Cayman mfikirie. George Town haina gati la meli hizi. Meli inatia nanga nje, mnashushwa kwa mashua, na pale pa kuvukia kutoka jukwaa la meli kuingia mashuani pana pengo linalopanda na kushuka na mawimbi. Mabaharia wawili watamshika mikono, lakini magoti ni yake. Bahari ikichafuka, bandari hiyo inarukwa kabisa, na Julai iko ndani ya msimu wa vimbunga, Juni mpaka Novemba, ratiba inaweza kugeuzwa wakati wowote. Usimwahidi Mama kisiwa.

Saa ndiyo inayowaacha watu gatini. Florida mwezi wa Julai iko saa moja mbele ya Cozumel, maana Quintana Roo, jimbo la Mexico lenye Cozumel, tangu 2015 haisogezi saa. Jamaica na Cayman nazo hazisogezi. Meli nyingi zinabaki na saa ya Miami, huku simu yako ikishika mtandao wa nchi kavu inajirudisha nyuma yenyewe. Mkiambiwa mwisho wa kurudi ni saa kumi unusu, simu itaonyesha saa tisa unusu tu, nawe bado uko kwenye kiti ufukweni. Zima kujirekebisha kwa saa, au vaa saa ya mkono. Na ratiba inayoletwa chumbani mwandikie Mama kwa saa zetu. Ikiandikwa 10:30 yeye ataisoma saa kumi unusu.

Chakula cha halali usisubiri kuuliza mezani. Andikeni kwa kampuni miezi mitatu kabla, mpate jibu la wazi kama ni nyama iliyochinjwa kihalali au ni kumwepusha tu na nguruwe. Bila hivyo abaki kwenye samaki, mayai na mboga, na muulize kuhusu divai kwenye mchuzi na jelatini kwenye vitamutamu. Chai na maji ya moto mara nyingi vinapatikana usiku na mchana kwenye ukumbi wa kujipakulia. Birika la umeme hataruhusiwa, wala pasi, wala chetezo. Udi na ubani viache nyumbani, moto wowote chumbani ni marufuku na watavichukua gatini. Choo hakina mpira wa maji, kwa hiyo mnunulie chupa ya plastiki ya kutawadhia. Kinavuta kwa hewa: kitambaa kimoja cha kumfutia mtoto kikitupwa humo, vyumba vya jirani navyo vinakosa choo.

Kibla kitamsumbua. Dira ya simu ndani ya chuma inadanganya. Kwenye runinga ya chumbani kuna idhaa inayoonyesha ramani na mwelekeo wa meli kwa digrii. Kutoka huko Karibiani Makka ni kaskazini-mashariki, mhesabie kutoka hapo, na umkumbushe kwamba meli ikigeuka chumba nacho kimegeuka.

Mikono yote ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Ile jeli ya mlangoni haiiwezi sawasawa norovirusi, kile kirusi cha kuharisha na kutapika, na mmoja wenu akiharisha mtafungiwa chumbani. Bima ya safari mkatie Mama, zahanati ya meli inalipisha na kadi ya hospitali ya nyumbani haitambuliwi. Simu zote ziwe hali ya ndege tangu gatini. Bakshishi ya wahudumu hukatwa kila siku kwa kila kichwa, kwenye kampuni nyingi hata cha mtoto, mara nyingi dola 16 hadi 20. Mko sita, ihesabu kabla.

Nitumie namba ya chumba ukishakichagua, niitazame kwenye ramani. Na ile picha, Dada, nimeambiwa bado ipo kwenye grupu. Ifute kabla hujamwambia Mama tarehe.