Barua ya wazi kwa Meya wa Lewiston, Maine: historia ya Grand Trunk irudi stesheni

Mheshimiwa Meya,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani. Nakala ya Kiingereza nitaileta ofisini kwako. Hii ya Kiswahili nimeiandika ili majirani zangu waisome pia, sisi tuliotoka Kivu, Bujumbura, Kakuma na Nyarugusu tukaja kuishi kando ya mto Androscoggin.

Ombi langu ni moja. Jengo la stesheni ya zamani ya Grand Trunk, kampuni ya reli ya Kanada, pale Lincoln Street, lipewe maonyesho ya kudumu yatakayoeleza reli ile ilitoka wapi na ilimleta nani, kwa Kiingereza, Kifaransa, Kisomali, Kireno na Kiswahili. Watoto wa shule za mji wapelekwe pale. Jengo limo kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria tangu 1979, lakini mtoto hasomi orodha. Anasoma kilichoandikwa ukutani.

Niruhusu nieleze kwa nini historia hii inastahili gharama hiyo.

Katika karne ya 19 bandari ya Montreal ilikuwa ikifungwa na barafu ya mto St. Lawrence kila majira ya baridi, na biashara ya Kanada ikakwama hadi masika. Wafanyabiashara wa huko walihitaji bahari isiyoganda. Boston ilikuwa ikiwavuta kwake. Mnamo Februari 1845 wakili mmoja, John A. Poor, alitoka Portland, mji wa bandari wa Maine, usiku katikati ya dhoruba ya theluji, akavuka milima ya New Hampshire kwa kigari cha kuteleza kinachovutwa na farasi, na baada ya siku tano akaingia Montreal kuwaomba wakubwa wa biashara waichague Portland. Wakamsikiliza. Mwaka huohuo zikaundwa kampuni mbili: upande wa Marekani Atlantic and St. Lawrence, upande wa Kanada St. Lawrence and Atlantic. Jina lilelile limegeuzwa, kila upande ukianza na maji yaliyo karibu nao.

Kampuni hizo zilijenga kwa kuelekeana, moja ikipanda kutoka baharini, nyingine ikishuka kutoka mtoni, zikakutana Island Pond, Vermont, Julai 1853. Jumla ni takriban kilomita 470. Wanahistoria wengi huitaja kuwa reli ya kwanza ya masafa marefu kuvuka mpaka kati ya nchi mbili katika Amerika Kaskazini. Mji wa Portland wenyewe ulidhamini mikopo ya kampuni, na si kidogo. Halafu kuna jambo la upana wa njia, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya reli, ambalo kwangu ndilo linaloonyesha vizuri zaidi hofu na matumaini ya watu wale. Reli za Boston zilikuwa na upana wa sentimita 143 na nusu. Hawa wakachagua karibu sentimita 168, kwa makusudi, ili behewa lililotoka Montreal lisiweze kuchepuka kwenda Boston bila kushushwa mzigo wote na kupakiwa upya kwenye behewa jingine. Njia ya kwenda Portland ililindwa kwa vyuma vyenyewe. Miaka ishirini baadaye upana huohuo ukawa mzigo kwao, kwa sababu sehemu kubwa ya bara ilikuwa imeshika ule mwembamba, na mwaka 1873 na 1874 wakalazimika kuzihamisha reli zao na kubadili vichwa vya treni na mabehewa.

Kufikia hapo mwenye njia hakuwa tena Poor na wenzake. Mwaka 1853 upande wa Kanada uliingizwa ndani ya kampuni mpya, na mnamo Agosti upande wa Marekani ukakodishwa kwa miaka 999 kwa kampuni hiyohiyo, Grand Trunk Railway of Canada, ambayo fedha zake zilitoka London, kwenye benki za Baring na Glyn Mills, na maamuzi yake makubwa yalifanyika hukohuko. Ndiyo iliyojenga daraja la Victoria kuvuka St. Lawrence, lililofunguliwa 1859, kazi ya uhandisi iliyostaajabisha dunia na kuibebesha kampuni madeni mazito. Portland ikawa bandari ya Kanada wakati wa baridi, nafaka ya bara ikapitia Maine kwenda Ulaya.

Pale Portland, hatua chache kutoka ilipokuwa stesheni ya India Street, ipo nyumba ya ibada iitwayo Abyssinian, iliyoanza kujengwa na Wamarekani Weusi mwaka 1828. Treni za Montreal zilianza wakati Sheria ya Watumwa Watoro ya 1850 inaruhusu mtu kukamatwa hata Maine na kurudishwa kwa bwana wake. Kwa watoro waliofichwa na waumini wa nyumba ile na marafiki zao, Kanada ilikuwa upande wa pili wa safari ya treni. Ningependa mtoto wa Lewiston mwenye rangi kama ya wanangu alijue hilo kabla hajamaliza shule ya msingi.

Sasa nifike kwetu. Mwaka 1872 Lewiston na Auburn ziliunda kampuni yao ya reli, mali ya miji yenyewe, zikajenga kipande kifupi cha kuungana na njia kuu, zikaikodishia Grand Trunk. Stesheni ya Lincoln Street ilianza kazi 1874. Tangu hapo familia za Quebec, jimbo la Kanada linalosema Kifaransa, zilishuka pale na mizigo yao, zikaenda kupanga vyumba jirani, mtaa ulioitwa Petit Canada, na kesho yake kuingia kwenye viwanda vya pamba kama Bates. Watu wapatao laki tisa waliondoka Quebec kuja New England, majimbo haya ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kati ya 1840 na 1930, na sehemu kubwa ya waliofika hapa ilipita mlango ule mmoja. Serikali ya Marekani haikuanza kuwakagua wahamiaji kwenye mpaka wa Kanada hadi miaka ya 1890. Kabla ya hapo tiketi ilitosha.

Hawakupendwa, Mheshimiwa. Mwaka 1919 Jimbo la Maine lilipitisha sheria ya kufundisha kwa Kiingereza pekee katika shule za umma, na watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kundi la Wazungu la chuki, ilipata wafuasi wengi Maine, na Wakatoliki wa Kifaransa ndio waliolengwa. Nayasema haya kwa sababu mwaka 2002 barua nyingine ya wazi ilitoka katika ofisi yako, meya wa wakati huo akiwaomba Wasomali wapunguze kasi ya kuja kwa kuwa mji umezidiwa. Miezi michache baadaye, Januari 2003, maelfu walikusanyika Chuo cha Bates kusema wageni wakae. Yote mawili ni ya mji huu, na yote mawili yanaeleweka vizuri zaidi mtu akiwa amesimama ndani ya stesheni ile.

Grand Trunk yenyewe ilikufa kwa madeni ya kujitanua mno. Serikali ya Kanada ikaichukua, ikaunganishwa na Canadian National mwaka 1923, na mizigo ya Kanada ikaelekezwa kwenye bandari zake yenyewe, Halifax na Saint John. Portland ikapoteza bandari yake ya baridi. Stesheni kubwa ya Portland, ya mwaka 1903, ilibomolewa 1966. Yetu bado imesimama.

Naomba ombi hili lipewe nafasi kwenye ajenda ya kikao cha baraza, wakazi tupate kulizungumza mbele yako. Wazee wenye asili ya Quebec waalikwe kwanza, wakiwa bado nasi, walete picha za nyumbani na majina ya waliofika kwa treni. Sisi wengine tutajitolea kutafsiri bila malipo, na mimi nitaanza na Kiswahili.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Lewiston, mzaliwa wa Kivu