Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kununua Runx Z

Mpwa wangu,

Marahaba. Picha nimeziona zote, pamoja na ile uliyoipiga umechuchumaa nyuma ya spoila kama vile gari tayari ni lako. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wewe si wa kwanza kuniuliza habari za Toyota Corolla Runx Z, gari ninaloliendesha mwenyewe. Pia mama yako husoma ninayoandika humu, nami sitaki siku ya siku aseme nilimwingiza mwanawe mjini.

Mama yako anataka ununue IST, na hajakosea. IST ina spea kila duka, fundi yeyote wa Ngamiani hapa Tanga anaifungua akiwa anapiga soga, na ukichoka nayo unaiuza kabla ya swala ya alasiri. Kwa hiyo ukimaliza kusoma barua hii ukaona ninayoyasema ni mzigo, mfuate mama. Sitanuna.

Ila kama bado roho iko kwenye Z, kwanza tuhakikishe ni Z. Mitaani kuna Runx nyingi za 1.5 zilizovalishwa sketi, spoila na nembo, zikauzwa kwa jina lisilo lao. Omba kadi ya gari utazame namba ya chesisi. Ikianza na NZE121, hiyo ni 1.5 yenye injini ya 1NZ, gari zuri tu, lakini silo unalolilipia. Z yenyewe ni ZZE123. Kisha fungua boneti ulinganishe na chesisi iliyogongwa kwenye bodi, na uhakikishe injini iliyomo ni 2ZZ-GE, maana wapo waliokufa injini wakapachika 1ZZ ya kawaida, gari likaendelea kuitwa Z kama mjane anayeitwa kwa jina la marehemu.

Runx zilitoka Japani kuanzia 2001 hadi 2006. Maana yake hata iliyo changa kabisa ina umri wa kijana aliyemaliza kidato cha sita. Kuagiza nyingine leo si rahisi mfukoni: gari dogo lililovuka miaka 10 linatozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyinginezo. Ndiyo maana nyingi unazoziona ziliingia zamani na zimepita mikono mingi. Hununui gari tu hapo, unanunua na tabia za kila aliyelimiliki.

Sasa injini, na hapa nakuomba usiruke mistari. 2ZZ ni kazi ya Toyota na Yamaha. Ni sisi 1,800 tu, haina tabo, lakini kwenye Runx Z inatoa nguvu farasi 190, na nguvu hizo zinakuja mzunguko ukifika 7,600 kwa dakika. Injini hiyohiyo iliwekwa kwenye Celica, na Waingereza wa Lotus wakaichukua kwa ajili ya Elise. Siri yake iko kwenye kemshafti, ile shafti inayofungua valvu. Kila kundi la valvu lina nundu mbili za kulisukuma, ndogo na kubwa. Ukiendesha kistaarabu, nundu ndogo ndiyo inayofanya kazi na gari linakuwa kama Runx ya mwalimu. Ukivuka kama 6,000, na injini ikiwa imeshapata moto, presha ya oili inasukuma pini ndogo, nundu kubwa inashika, valvu zinafunguka zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Mlio unabadilika papo hapo.

Umeona nilichosema? Presha ya oili. Kwenye gari la kawaida oili inalainisha na kupoza. Kwenye hili inafanya na kazi ya mkono unaobadilisha nundu. Oili ikipungua au ikichafuka, kwanza unakosa ile nguvu ya juu, halafu unakosa injini.

Na hapo ndipo mazoea yanapoua gari hili. Fundi wetu amezoea 1NZ, ambayo galoni moja ya lita 4 inaitosha na kubaki. Anakuja kwenye Z, anamimina galoni hiyohiyo, anafunga, anapangusa mikono. Lakini 2ZZ ikibadilishiwa oili pamoja na filta inataka kama lita 4.4. Kwa hiyo gari linatoka gereji likiwa na upungufu siku ileile ya sevisi, na zikichakaa kidogo injini hizi zinakula oili. Baada ya wiki kadhaa kijana anaingia barabara ya Segera, anakanyaga hadi mwisho, pampu inavuta hewa. Taa ya oili ikiwaka wakati huo inakuletea taarifa ya msiba. Nunua galoni na kopo la lita moja, simama hapo mwenyewe, na dipstiki uitazame kila wiki, gari likiwa limesimama pahala sawa. Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, natumia 5W-30, na sijali fundi akisema oili nzito ndiyo inayofaa joto la Tanga. Yenye kunata inachelewa kufika juu asubuhi, na njia za oili humo ni nyembamba.

Kuna kichujio kidogo cha valvu ya oili, kama cha kuchujia chai ya mdoli, ambacho watu hawajui hata kama kipo. Kikiziba, gari halivuki 6,000 kwa nguvu yake na mwenyewe anadhani ni plagi. Kukisafisha ni kazi ya muda mfupi na haina gharama ya maana. Kikishasafishwa na bado hali ni ileile, fungua kava ya juu ya injini utazame boliti mbili zinazopeleka oili kwenye shafti za roka, vile vikono vinavyosukuma valvu, moja upande wa kuingiza na moja upande wa kutoa. Za matoleo ya mwanzo zilikuwa dhaifu, zililika na kukatika. Baadaye Toyota wakazitengeneza upya. Boliti mpya mbili na gasketi ya kava, basi. Ukinunua gari hili, hiyo iwe kazi ya kwanza hata kama muuzaji ameapa kwa msahafu.

Jambo lililonikera kuliko yote nililisikia hapa hapa mjini, kwa fundi mwenye jina zuri tu. Aliletewa Z inayotoa moshi wa bluu akasema, "Tuchonge silinda, tutie ringi za ovasaizi, hii itakuwa mpya." Mpwa wangu, ukisikia hivyo chukua funguo zako uondoke. Silinda za 2ZZ hazina silivu za chuma kama alivyozoea. Ukuta wake ni aluminiamu iliyochanganywa na nyuzi ngumu za kauri, na hauchongwi kwa mashine za kawaida. Ukishachongwa, bloki imekwenda. Injini yenye moshi ya aina hii dawa yake kwa hapa kwetu ni kutafuta injini nyingine nzima, na hiyo nayo utaipata Dar, Gerezani, kwa kubembeleza. Ndiyo maana nasema tazama moshi kabla ya kutazama rimu.

Mengine ni ya kawaida ya gari lenye umri. Tenshena ya cheni hupenda kuvujisha oili kwenye ubavu wa injini. Ni ringi ya mpira tu, usikubali kuuziwa cheni nzima. Shokapu, bushi na tairodi hazikupi taabu kwa sababu Corolla za kizazi kile zimejaa mjini, na kisichopatikana kinapakiwa basi la jioni kutoka Dar unakipokea stendi ya Kange asubuhi. Kuhusu gia, chukua ya mkono yenye gia sita. Ile otomatiki ya gia nne haina kosa, ila kuweka 2ZZ kwenye gia nne ni kumvalisha mkimbiaji kanzu ndefu.

Lililo letu kabisa ni bahari. Umeniambia gari limekaa Raskazone na muuzaji anasema kwa fahari kwamba "halitembei, limetulia tu". Gari lililotulia karibu na maji ya chumvi halijapumzika hata siku moja. Lala chini na tochi. Tazama kingo za chini za milango, tazama pale shokapu za nyuma zinaposhikilia bodi, tazama mabomba ya breki yanayopita tumboni na kalipa kama zimeganda. Gusa kwa bisibisi palipovimba rangi. Ukililaza nje, lioshe chini kwa maji baridi, na yasiwe ya kisima cha chumvi, maana visima vyetu navyo unavijua. Maji hayohayo ya kisima usithubutu kuyatia kwenye rejeta. Tia kulanti, tena iliyochanganywa ipasavyo.

Petroli sina la kusema sana. Mgandamizo wa injini hii ni 11.5 kwa 1, na kwao Japani inawekewa petroli ya daraja la juu. Kwa hiyo tafuta kituo chenye mauzo mengi, ambako mafuta hayalali tangini, kishikilie. Ukisikia inanoki, yaani injini inagonga, unapokanyaga kwenye kilima, punguza mguu. Uchakachuaji wa zamani ule wa mafuta ya taa umepungua tangu EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, waanze kuweka vinasaba vya kutambua mafuta halali, lakini pua yako bado ni yako.

Najua utaniuliza: Mjomba, kama kero zote hizi, kwa nini huliuzi lako? Sina jibu la kumridhisha mama yako. Ndani ya mji nguvu ile haina kazi. Kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kwa gia ya pili tu, kabla hata hujaisogelea ile 6,000, umeshavuka hapo. Askari wa tochi wa Muheza atakuandikia faini ya 30,000 akitabasamu. Matuta na rasta zitakulia bampa ya mbele usipovuka kwa upole. Lakini kuna ile ya kutoka Segera kuja nyumbani, mbele yako lori la saruji limebeba kupita kiasi, kipande cha barabara kimenyooka na kuko wazi hadi mbali. Unarudisha gia ya tatu. Unapita na kurudi upande wako upesi hata mwenye lori hajapata muda wa kukuonea. Kwa dereva aliyewahi kukwama ubavuni mwa lori akiwa na gari lisilo na pumzi, hiyo si anasa. Na sawa, mlio ule ninaupenda. Nimeusema, yaishe.

Ila ukiliendesha kila siku bila kulifikisha juu hata mara moja kwa wiki, nalo si kulitunza. Liache lipate moto kwanza, mwendo wa taratibu hadi geji ya joto itulie, ndipo ulifungue kidogo pale panaporuhusu. Vijana wengi hufanya kinyume: linawashwa asubuhi, linangurumishwa getini jirani asikie, halafu kutwa nzima linasota kwenye foleni.

Bei aliyokutajia usiijibu bado. Jumamosi nitakuja na fundi wangu, yule mzee wa Chuda anayenuna, naye tutamlipa ujira wake hata tusiponunua. Atafungua kava ya injini, kwa hiyo mwombe muuzaji ruhusa mapema. Akikataa, safari imeisha na tunakwenda kula samaki. Na umwambie neno moja: asiliwashe asubuhi hiyo kabla hatujafika. Nitashika boneti kwa mkono. Nikikuta ina joto, sitauliza hata chesisi.

Mjomba wako,
Tanga